Uunde ndege ipi ukiwa Malindi au Lamu? RV-9, Sling 2, Zenith na Kitfox kwenye mizani

Shemeji yangu wa Lamu hupiga simu usiku, baada ya isha. Huanza kwa kuulizia watoto, kisha mvua, kisha bei ya samaki huku kwetu Malindi, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu jambo ni ndege. Anataka kuunda yake mwenyewe, ya watu wawili, ya kutembelea: leo Kiwayu, mwezi ujao Pemba, Idi kwa dada yake Kisumu. "Shemeji, wewe hizo riveti umezishika," akaniambia. "Nambie moja tu, nichukue ipi?"

Riveti ni zile pini za kufungia bati kwa bati, na kuzishika nimezishika. Jirani yangu alinunua seti ya mkia wa RV-9, na kwa miezi saba mimi ndiye niliyekaa nyuma ya bati na kipande cha chuma mkononi. Riziki yangu inatoka kwenye injini za boti, na leseni ya urubani ninayo. Moja tu sikuweza kumwambia. Nilimwambia nne, kisha nikazipunguza, na njia niliyopita kuzipunguza ndiyo hii.

Kwa asiyezijua, ndege hizi huja kwa makasha. Kiwanda kinakata mabati, kinatoboa matundu, kinapinda panapohitaji mashine kubwa, na wewe unaunganisha. Marekani, ambako biashara hii imekomaa zaidi, sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mwenye kuunda kwa ajili ya elimu yake na burudani yake. Si kama kununua kabati la kufunga skrubu. Ni kazi ya mamia ya saa, na mara nyingi inapita elfu moja.

Nne zenyewe ni hizi. RV-9 inatoka Van's Aircraft ya Oregon, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven, na ndege za jina la RV zilizokwisha kuruka duniani zimepita 11,000. Sling 2 inatoka Johannesburg. Zenith STOL CH 750 inatoka Missouri, na mchoraji wake ni Chris Heintz. Kitfox inatoka Idaho. Zote ni za watu wawili wanaokaa bega kwa bega, jambo ambalo kwa safari ya saa tatu na mwenzio si dogo.

Kuna za nyuzi za kioo na gundi, kama Long-EZ aliyoichora Burt Rutan. Nzuri kwa macho, na zina mbio. Ila gundi yake hulegea ikipata joto kali, ndiyo maana karibu zote hupakwa rangi nyeupe, na Long-EZ inataka uwanja mrefu wa lami. Niliziweka kando mapema.

Chumvi kwanza

Mtu wa Nairobi akichagua ndege huanza na mwendo. Mtu wa pwani aanze na chumvi. Tazama fremu ya dirisha la alumini kwenye nyumba inayoelekea bahari: baada ya kusi mbili tatu inaota vipele, na ukikwangua unatoka unga mweupe. Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Haiwi nyekundu kama ya chuma, kwa hiyo mtu huidharau.

Alumini nazo si moja. Bati la RV ni aina ya 2024, ambayo ndani yake ina shaba kiasi cha asilimia nne. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayoikaribisha kutu. Kiwanda cha bati kinalijua hilo, ndiyo maana hulivika ngozi nyembamba ya alumini safi pande zote mbili. Ngozi hiyo inalinda vizuri sana, mpaka utoboe tundu, ukate ukingo, au ukwaruze kwa ncha ya drili. Na kwenye RV unatoboa maelfu. Zenith na Sling zinatumia aina ya 6061, yenye magnesi na silikoni badala ya shaba. Nguvu yake ni ndogo kidogo, kwa hiyo mahali pengine bati linakuwa nene zaidi, lakini mbele ya upepo wa bahari ina subira zaidi.

Hili nililiona kwa macho. Kasha la jirani yangu lilikaa bandarini muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, wakala wa kulitoa akituambia kesho, kesho, na mvua za Mei zikalikuta nje. Tulipolifungua, mabati mawili yaliyokuwa yamelaliana na karatasi iliyolowa katikati yalikuwa na mabaka ya kijivu kama ramani. Halafu kuna ile plastiki ya buluu ambayo kiwanda hubandika juu ya bati ili lisikwaruzike njiani. Jirani akasema tuiache, itatusaidia wakati wa kazi. Baada ya miezi mitatu ya joto la Malindi iliganda kama ulimbo. Tuliitoa kwa kucha na maji ya moto, kipande kwa kipande, na chini yake palikuwa na madoa. Ukichagua RV, plastiki itoe siku ya kwanza, na kila kipande kipake praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu, pande zote kabla ya kukifunga. Wenzetu wa nchi kavu hubishana kama praima ya ndani ni lazima. Pwani hakuna ubishi.

Kitfox ni habari nyingine. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kisha ukavikwa kitambaa cha poliesta. Chuma kinapakwa vizuri kiwandani, lakini tundu moja dogo la skrubu lililosahauliwa linatosha kuingiza unyevu ndani ya bomba, na bomba linaoza kimya kimya huku nje linang'aa. Kitambaa nacho adui yake ni jua. Lazima kipate rangi ya fedha chini ya rangi ya urembo ili miale isikifikie, na hata hivyo ndege isilale nje. Kwa uwanja wetu wa Malindi, ambako jua la saa nane linachoma mpaka lami inanuka, ningemruhusu mtu achukue Kitfox akinionyesha banda kwanza.

Kugonga na kuvuta

Tofauti kubwa ya kazi iko kwenye riveti. RV-9 ina riveti za kugonga: mmoja anashika bunduki ya hewa mbele, mwingine anakinga chuma nyuma, riveti inajibonda katikati yao. Kabla ya hapo tundu limetobolewa, limekwanguliwa makali, limebonyezwa shimo ili kichwa cha riveti kilale sawasawa na bati. Riveti yenyewe haifiki unene wa milimita mbili na nusu. Kelele yake ni trrrt, nusu sekunde, kisha unapeleka kidole kuangalia kama mkia wake umekaa duara. Ukiinamisha bunduki kidogo tu, inaacha alama kwenye bati, kovu lililopinda kama mwezi mwandamo. Jirani yangu ana mwezi mwandamo saba kwenye usukani wa mkia, na kila mgeni akija humwonyesha mwenyewe kabla mgeni hajauona.

Kazi hii inataka watu wawili wanaosikilizana. Mimi na jirani tuligombana mara moja tu, tena kwa sababu ya saumu: Ramadhani, saa tisa alasiri, yeye anasema gonga, mimi mkono umeteleza. Tukaahirisha mpaka baada ya tarawehe, na majirani wakalalamika kelele.

Sling na Zenith zina riveti za kuvuta. Unaingiza, unashika koleo ya mkono au ya hewa, unavuta, shina linakatika, umemaliza. Fundi yeyote wa mabati hapa mjini anaijua kazi hii, na unaweza kuifanya peke yako usiku bila kumwamsha mtoto. Kila kichwa kinabaki na kijishimo ambacho chumvi hupenda kulala ndani yake, kwa hiyo rangi ipite vizuri. Uso wa ndege hauwi laini kama wa RV, na hilo linakula mwendo kidogo. Lakini saa za kuunda zinapungua sana. Mwaka 2019 kundi la vijana wa Afrika Kusini, wengi wao wanafunzi wa sekondari, walikusanya Sling 4, ambayo ni dada mkubwa wa Sling 2, wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo. Kwa RV za kugonga, vijana hao wangekuwa bado wanakwangua matundu.

Hesabu ya safari

Hapa ndipo nilipomshika shemeji kwa kalamu. Kutoka Malindi mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, ukipita moja kwa moja hewani, ni kilomita 140 hivi. RV-9 yenye injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 160 inakwenda kilomita 290 kwa saa au zaidi, kwa hiyo ni dakika 29. Sling 2, tuseme 210 kwa saa, dakika 40. Kitfox, 190, dakika 44. Zenith CH 750, 155, dakika 54. Kati ya yenye mbio na ya polepole kuna dakika 25. Ukishatua Manda bado unangoja boti ya kukuvusha mpaka mjini, na nahodha akiwa anakunywa kahawa yake, dakika 25 zote zimeishia hapo hapo gatini.

Kwa hiyo kama safari zako ni Malindi, Lamu, Kiwayu na kurudi, mwendo ni mapambo. Kutoka Manda kwenda Kiwayu hata kilomita hamsini hazizidi sana. Ndege inayofaa huko ni ile inayotua popote, na hapo Zenith haina mpinzani kati ya hizi nne. Bawa lake ni nene, mbele lina ulimi usiosogea unaoacha mwanya wa hewa kupita, na kiwanda kinasema inanyanyuka ndani ya mita 30 hivi. Toa chumvi kwenye tangazo la kiwanda, sema mara mbili au tatu ya hapo kwa joto letu na mizigo yetu, bado ni uwanja wa mpira.

Lakini shemeji ana dada Kisumu. Kutoka Manda mpaka Kisumu ni kilomita 730 hivi. RV-9 inafika kwa saa mbili na nusu. Sling saa tatu na nusu. Kitfox karibu saa nne. Zenith inahitaji saa nne na dakika 43, na tangi zake za lita 91, injini ikinywa lita 20 kwa saa, zinakauka baada ya saa nne na nusu. Maana yake ni kwamba mafuta yanaisha kabla Kisumu haijaonekana, na hapo hatujaweka akiba. Utatua Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, kujaza. Si aibu kutua Wilson, ila siku yako imeshapotea.

Tena kuna upepo. Tuseme ni mwezi wa saba, kusi inavuma, na wewe unashuka kutoka Manda kwenda Pemba, kilomita 355, upepo wa kilomita 35 kwa saa ukiwa usoni. RV-9 inachelewa dakika 10 tu. Zenith inachelewa dakika 40, safari ya saa mbili na robo inakuwa karibu saa tatu, juu ya maji. Mabaharia wetu hili wanalijua tangu enzi: chombo kizito cha kwenda husubiri upepo wake. Mwenye Zenith naye atajifunza kwenda kusini wakati wa kaskazi na kurudi wakati wa kusi, kama babu zake.

Jambo lililomshangaza shemeji zaidi ni mafuta. Alidhani ndege ya polepole ndiyo nafuu. Hesabu kwa kilomita mia: RV-9 inakunywa lita 30 kwa saa, lakini kwa kuwa inapita haraka, ni kama lita 10 kwa kila kilomita mia. Kitfox ni hapo hapo. Sling ni 9. Zenith, na injini yake ndogo, ni karibu 13. Lile bawa nene na ule ulimi wa mbele vinalipiwa kila dakika uliyo hewani. Zenith wenyewe wanalijua, ndiyo maana wameunda ndugu yake anayeitwa Cruzer, asiye na ulimi huo, anayekimbia zaidi.

Sling 2 ina tangi za lita 150. Hiyo ni zaidi ya saa saba hewani. Mwaka 2009 wenye kuiunda, Mike Blyth na James Pitman, waliizungusha dunia nzima, wakiwa wameongeza matangi. Ukijaza lita zote 150, mafuta peke yake ni kilo 108, basi usisahau kupima halua unazopeleka Kisumu.

Uwanda wa juu nao

Sisi wa pwani tumezoea hewa nzito ya usawa wa bahari. Injini inapata pumzi, bawa linapata cha kushika. Wilson iko mita 1,690 juu. Saa saba mchana, jua likiwaka, ndege ile ile iliyopaa Malindi kama kunguru inakimbia, inakimbia, na ua wa mwisho wa uwanja unakuja. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kiasi cha asilimia tatu kwa kila futi elfu unazopanda. RV-9 ya farasi 160 inavumilia kwa sababu ina ziada. Sling 2 ya farasi 100 inafika, lakini paa asubuhi, na mizigo iwe ya adabu. Sling wana nyingine, TSi, ya watu wanne, yenye injini ya farasi 141 inayosukumiwa hewa na tabo, hiyo haijui Nairobi wala Malindi. Ni ghali zaidi, na kwa watu wawili ni nyumba kubwa kuliko familia.

Viwanja vya changarawe pia viingie kwenye hesabu. RV-9 zipo mbili: ya gurudumu la mkia, na RV-9A ya gurudumu la mbele. Hiyo ya mbele ni rahisi kuiendesha chini, lakini mguu wake wa mbele ni mwembamba na umejulikana kwa miaka mingi kuwa hauna urafiki na ardhi laini na mashimo. Ukichimba, ndege inaweza kupinduka. Kiwanda kiliuboresha, na bado mimi kwenye changarawe ya Tsavo, ambako nguruwe mwitu wamechimba usiku, ningependa gurudumu la mkia. Au Zenith. Au Kitfox, ambayo ukiiwekea matairi makubwa inapita juu ya kila kitu.

Injini

Hapa naongea kama fundi, kwa hiyo nivumilie. RV-9 hutembea na Lycoming, injini ya Marekani inayopozwa na hewa, inayozunguka polepole, imara kama trekta. Mafuta yake ya kawaida ni avgas, petroli maalumu ya ndege, na avgas haipo kila kiwanja unachokwenda. Tatu zilizobaki kwa kawaida huvaa Rotax 912 kutoka Austria. Hiyo ukiifungua, fundi wa boti anatabasamu: vichwa vinapozwa na maji, inazunguka mara 5,500 kwa dakika, kisha giaboksi inapunguza kabla ya propela. Ni ukoo mmoja na injini zinazosukuma pikipiki za majini.

Rotax inakunywa petroli ya kituoni. Ile ya farasi 100 inataka oktani 95, basi uliza kituo chako kinauza ngapi kabla hujajaza dumu, na petroli yenye ethanoli iepuke. Avgas nayo inaikubali, ila madini ya risasi yaliyomo ndani yanachafua oili, na utaibadilisha kila saa 25 badala ya kungoja. Jingine ni joto. Umetua saa saba, umekunywa maji ya dafu, unarudi kuwasha, petroli imechemka kwenye mipira na injini inakohoa. Funika mipira kwa kinga ya moto, na fungua kifuniko cha injini ukiwa umeegesha.

Bei ya injini mpya, kwa RV hasa, inaweza kupita bei ya makasha yote ya ndege. Watu hulisahau hili wanapoona bei ya seti kwenye tangazo. Van's wenyewe walipita kwenye tabu: mwishoni mwa 2023 waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, wakatoka 2024 na bei zikiwa juu zaidi. Wapo, wanauza, lakini mtu wa kununua seti kwa vipande vipande kwa miaka minne alifikirie.

Shemeji na mbao

Usiku wa tatu shemeji akaja na wazo jipya. Mamake ni wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, na wajomba zake wanaunda majahazi mpaka leo. "Kwani hakuna ndege ya mbao? Sisi mbao twazijua."

Zipo, na ni nzuri. Jodel za Wafaransa, jina lililounganishwa kutoka Joly na Delemontez, ni za mbao, na michoro yake imejengwa na watu wengi gereji mwao. Hata Denys Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza wa enzi za ukoloni, aliyekuwa na nyumba yake Takaungu hapo chini yetu, ndege yake ya Gipsy Moth iliyomuua Voi mwezi wa tano 1931 ilikuwa ya aina ambayo kwa asili ni ya mbao.

Lakini mbao ya jahazi si mbao ya ndege. Mbambakofi ni nzito karibu mara mbili ya msprusi, ule mti wa nchi za baridi unaotumika kwenye mhimili wa bawa. Jahazi likivuja unakalafati pamba na kupaka sifa, yale mafuta ya papa. Bawa halikalafatiwi. Gundi inataka joto na unyevu vya kipimo, na Lamu unyevu haupungui. Kisha kuna mchwa. Nikamwambia, wajomba zako watakufaa kwa jambo moja ambalo pesa hainunui: jicho la kuona kwamba mstari umepinda milimita mbili kutoka mbali. Jicho hilo kwenye bati linafanya kazi vile vile. Akanyamaza kidogo. "Basi wajomba nitawaita waje kutazama tu," akasema.

Mlango

Swali ambalo ningetaka kila mtu aulizwe kabla ya kulipa ni hili: utaundia wapi, na itatokaje? Mji wa Lamu hauna shida ya mafundi, una shida ya njia. "Ndia ya kwetu," shemeji mwenyewe alisema, "akipita punda wa mchanga, mtu hujibana ukutani." Mwili wa Sling una urefu wa mita sita na ushee. Uunde darini kwako nyuma ya mlango wa nakshi, utaupitisha wapi? Na makasha yenyewe yatakuja kwa boti, na ya bawa ni marefu.

Hapo Kitfox inajitetea vizuri: mabawa yake yanakunjwa nyuma ubavuni, ndege nzima inabaki na upana wa mita mbili na nusu hivi, unaivuta kwa gari mpaka nyumbani. Malindi, ambako jirani yangu anaundia gereji, hilo lingemwokoa kodi ya banda uwanjani. Ila Lamu gari la kuivuta liko wapi.

Karatasi

Ndege yako itabeba namba za usajili wa Kenya, za 5Y, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ndiyo itakayoikagua. Wafuate kabla ya kulipa hata senti, na ndege unayoitaka jina lake mkononi, kisha piga picha kila hatua ya kazi, kwa sababu bawa likishafungwa hakuna anayeona ndani. Kwa mtalii wa hewani kuna jambo zaidi. Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga, kifungu cha 33, unazitaka nchi zitambue vyeti vya ndege za wenzao vilivyotimiza viwango vya kimataifa. Ndege uliyoiunda nyumbani haina cheti cha aina hiyo. Pemba iko karibu, lakini ni Tanzania, na utaomba ruhusa kwao kabla ya kuvuka, kila nchi kwa utaratibu wake. Anayeota kufika Moroni au Maputo aweke miezi ya barua kwenye mpango wake.

Nilivyoamua

Kwa jirani yangu wa Malindi, mwenye gereji, mwenzi wa kumkingia chuma, na safari nyingi za Nairobi, RV-9 ya gurudumu la mkia ni chaguo sahihi, mradi praima isionewe huruma. Kwa mtu ambaye dunia yake ni visiwa na fukwe na viwanja vya mchanga, Zenith, wala asimsikilize mtu wa mwendo. Kitfox ningempa anayependa kazi ya kitambaa na aliye na banda la kweli.

Kwa shemeji, Sling 2. Inafika Kisumu bila kuomba mafuta njiani, inakunywa petroli, bati lake linavumilia chumvi, ataivuta riveti peke yake usiku, na kiwanda kiko Johannesburg: akikwama anaweza kupanda ndege asubuhi akaenda kumwona fundi uso kwa uso. Nilimshauri aanze na seti ya mkia tu. Ikimchosha, amepoteza kidogo. Akiipenda, aagize mabawa.

Juzi akapiga tena. Rafiki yake ana banda la mabati Manda, karibu na uwanja, anampa bure. Upana wake ni mita nane. Nikamwambia Sling kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa ni mita 9.17. Akacheka. "Shemeji, ukuta wa bati hauna nakshi. Twaukata."